Kazi Iliyoletwa Mpaka Mlangoni

Sogeeni karibu, wanangu. Chepilat mnaijua: soko lililokaa mpakani, Bomet upande huu, Nyamira upande ule, na barabara ya kutoka Sotik kwenda Kisii inapita hapo hapo. Kwenye kibanda kimoja utasikia Kikipsigis, Ekegusii na Kiswahili. Penye watu wengi namna hiyo habari za kazi hazikosi. "Kuna mama Nairobi anatafuta msichana wa kazi." "Kuna hoteli Mombasa, nauli wanalipa wao."

Anayeleta habari hiyo mara nyingi ni mtu wa nyumbani: shangazi, jirani, binamu aliyerudi Desemba amependeza. Tumewafundisha kumwogopa mgeni, tukasahau kuwaambia hilo, na kosa ni letu watu wazima.

Tuseme ni msichana wa miaka 15, karo imekwama. Anaahidiwa kulea mtoto mchana, jioni ajifunze ushonaji. Akifika, simu yake inachukuliwa eti isipotee. Mshahara unakatwa kulipia nauli, mwezi baada ya mwezi, na deni haliishi. Kisha usiku mmoja anaambiwa kuna mgeni chumbani, amfurahishe. Wa kumlilia hana.

Huo ni ulanguzi wa binadamu, na Kenya ina sheria yake tangu mwaka 2010. Kifungo hakipungui miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Shikeni mambo mawili hapo. Kwanza, si lazima mtu avushwe mpaka wa nchi. Kutoka Chepilat hadi Kericho mjini kwatosha. Pili, mtoto wa chini ya miaka 18 hata akikubali, kukubali kwake hakumwokoi mlanguzi. Kwa hiyo asitokee mtu wa kumwambia binti, "Si ulipanda gari mwenyewe?"

Wakubwa nao hunaswa, tena karibu na kwetu. Februari 2023 BBC ilitangaza habari za mashamba ya chai ya Kericho yaliyomilikiwa kwa miaka mingi na kampuni mbili za Uingereza. Wanawake zaidi ya 70 walieleza jinsi wasimamizi walivyowadhulumu kingono. Wengine walisema ukikataa, kazi huna. Mwandishi mmoja alijifanya mtafuta kazi, akaitwa kwenye usaili, na usaili wenyewe ukawa ndani ya chumba cha hoteli. Aliponea kwa sababu wenzake walikuwa karibu, wakampigia simu kwa kisingizio walichokipanga mapema. Bunge likaagiza uchunguzi. Majani ya chai kama yale tunayochemsha na maziwa kila asubuhi yalichumwa na akina mama hao, na wapo walionyamaza kwa sababu walikuwa na watoto wa kulisha.

Basi ukiletewa kazi, uliza: mwajiri ni nani, nyumba iko wapi, namba yake ni ipi? Mwachie mzazi au mwalimu majibu hayo kabla hujapanda gari. Anayekuambia usimwambie mtu, usimfuate. Kitambulisho na simu vibaki mkononi mwako. Ukikwama, au ukimwona mwenzako amekwama, piga 116, simu ya watoto. Ni bure, usiku na mchana. Na akirudi kijijini, msimcheke wala kumsengenya. Mpisheni nafasi kwenye dawati, asome.