Kilabu cha Mbege Uchagani

Kwa Wachagga wa miteremko ya Mlima Kilimanjaro, kilabu cha mbege, yaani nyumba ambamo pombe ya ndizi na ulezi huuzwa kwa watu wa kijiji, ni kipya ukilinganisha na umri wa pombe yenyewe, kwa kuwa hapo kale mbege haikuuzwa, bali ilipikwa nyumbani kwa ajili ya wenye haki ya kuinywa: ndugu wa ukoo, wakwe, majirani waliosaidia kazi, na Mangi, yaani mtawala wa eneo, ambaye alipelekewa sehemu yake.

Ndizi mbivu huchemshwa kwa saa nyingi hadi zigeuke nyekundu, huachwa kwa siku kadhaa, kisha maji yake huchujwa na kuchanganywa na uji wa kimea, yaani ulezi uliooteshwa, ukaanikwa na kusagwa, na kutiwa gome la mti uitwao msesewa ili kuleta uchungu. Upishi huu ni kazi ya wanawake, na humo ndimo asili ya kilabu ilimo: kahawa, ambayo kuanzia mwaka 1933 iliuzwa kupitia chama cha ushirika cha KNCU, ilikuwa mali ya wanaume, ilhali ndizi za kihamba, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, zilisimamiwa na akina mama, ambao kwa kuuza mbege walijipatia sehemu ya fedha ambazo vinginevyo zisingewafikia.

Adabu ya nyumbani iliifuata pombe hadi kilabuni. Muuzaji huonja kwanza mbele ya mnywaji, kuonyesha kwamba hamna sumu, wazee hutangulizwa, na kata, yaani kibuyu chenye mpini, hupokezanwa. Kilichopotea, na hasara hii si ndogo, ni haki ya kualikwa, kwani mzee asiye na kitu, ambaye zamani angepewa fungu lake kwa sababu tu ya umri wake, sasa hutegemea hisani ya mwenye fedha.

Hata hivyo, yapo mambo ambayo kilabu hakijayameza. Anayeomba radhi kwa kosa zito hupeleka jani la sale, mmea unaopandwa pia mipakani mwa vihamba, pamoja na mbege; na katika posa, upande wa kijana hupeleka mbege iliyopikwa mahususi kwa shughuli hiyo, wala kreti za bia, hata ziwe nyingi kiasi gani, hazihesabiwi na wazee wengi kuwa badala yake.