Maulizo Matatu Mbele ya Foto



Wengi wanatuuliza sisi wapiga foto wa shule tunafanya kazi gani kila siku ya posho nyuma ya masomo. Wengine wanafikiri tunajipiga foto tu na kucheka. Ndiyo maana tumeomba nafasi katika gazeti hili, ili tueleze.

Tuko kumi na wawili, wavulana na wasichana. Tuko na aparei moja ya zamani inayotumia filme, na simu chache ambazo mwalimu anazitunza katika ofisi na kutupatia saa ya mkutano. Kila mmoja analeta foto moja ao mbili. Foto inapita mkono kwa mkono, na mwenye foto anajibu maulizo matatu. La kwanza: nuru ilitoka wapi? La pili: aparei ilifanya nini? La tatu: ndani kuna nani, ni wapi, siku gani, na yeye alikubali? Ulizo la tatu linapita yote kwa ukubwa, lakini tuanze na la kwanza.

1. Nuru ilitoka wapi?

Aparei yoyote, ya bei kubwa ao ya bei ndogo, ni chumba cha giza chenye tundu moja. Mtu anaweza kuona jambo hilo bila franka hata moja. Ufunge chumba saa sita ya mchana mpaka kiwe giza kabisa, uache paka tundu dogo katika dirisha, kisha uangalie ukuta wa mbele. Utaona miti na nyumba za inje zimegeuka kichwa chini. Sababu yake ni hii: nuru inatembea katika mstari ulionyooka. Nuru ya juu ya mti inashuka kupita katika tundu na kufika chini ya ukuta, na ile ya chini inapanda. Mwalimu wa hekima wa Kiarabu, Ibn al-Haytham, alichunguza mambo haya yapata miaka 1000 iliyopita. Watu waliokuja nyuma yake waliongeza kioo katika tundu, na ndani wakaweka kitu kinachoshika ile sura.

Basi kitu cha kwanza ni nuru. Hapa kwetu tuko na shida moja ambayo kila mwanafunzi anaijua: foto za bleu-blanc. Unapiga mwenzako kati ya uwanja saa saba, shati inaonekana nyeupe kama karatasi, na uso umekuwa mweusi bila macho. Watu wanasema aparei ni mbaya. Hapana. Aparei inapima nuru yote kwa pamoja na kutafuta kipimo cha katikati. Ikiona shati nyeupe na mbingu nyeupe, inafikiri nuru imezidi, inapunguza, na uso wa mtu mweusi njo unaopata hasara.

Dawa zake ni rahisi. Umpeleke mwenzako chini ya kivuli cha baraza, uso wake ukielekea inje. Usimweke mbele ya mbingu, umweke mbele ya ukuta ao majani. Kama unatumia simu, gusa uso wake juu ya kioo ili simu ipime pale. Kama kivuli kiko upande mmoja wa uso, mtu wa pili ashike karatasi kubwa nyeupe karibu. Itarudisha nuru upande ule. Na mbele ya yote, pangusa kioo cha simu kwa kitambaa safi. Foto nyingi zinazokuwa na ukungu ni juu ya mafuta ya vidole tu.

2. Aparei ilifanya nini?

Fikiri unajaza ndoo kwa robine. Maji yanategemea mambo matatu: robine imefunguliwa kiasi gani, inakaa wazi muda gani, na ndoo iko na ukubwa gani. Katika aparei ni vilevile. Kuna tundu, kuna muda, na kuna wepesi wa filme kupokea nuru.

Tundu linaandikwa kwa namba: 5,6, 8, 11, 16. Hapa wengi wanapotea, kwa maana namba kubwa ni tundu dogo. Kutoka 8 kwenda 11 nuru inapungua nusu, na kutoka 11 kwenda 16 inapungua nusu tena. Muda unaandikwa kwa sehemu za sekunde: 1/60, 1/125, 1/250. Mtoto anayekimbia nyuma ya balo anataka 1/500 ao zaidi, bila hiyo miguu yake itakuwa moshi. Wepesi wa filme ni 100, 200, 400. Filme ya 400 inahitaji nuru mara nne chini ya ile ya 100.

Wazee wa kazi hii walikuwa na kanuni moja ambayo tunaitumia sasa hivi kwa aparei yetu, kwa sababu kipimo chake cha nuru kilikufa. Jua likiwaka bila wingu, weka tundu 16, na muda ufuate namba ya filme: filme ya 100, muda 1/125, filme ya 400, muda 1/500. Wingu likifunika jua, fungua tundu mpaka 8.

Kuna mabishano kila mara: simu na aparei ya filme, gani inashinda? Wenye simu wanasema wanaona foto palepale na haiwaombi makuta ya filme. Ni kweli. Wenye filme wanasema uko na foto 36 tu, basi unafikiri mbele ya kubonyeza. Hiyo nayo ni kweli. Jambo moja tumekubaliana wote: usivute sura kwa vidole viwili juu ya simu. Katika simu nyingi haileti mtu karibu, inakata tu sehemu ya foto na kuipanua, na ubora unapotea. Tumia miguu, umkaribie mtu. Na ukimkaribia, itabidi umsalimu, ambayo inatuleta kwenye ulizo la mwisho.

3. Ndani kuna nani?

Katika makanisa yetu tuna mfano ambao wanafunzi wengi hawaujui. Alice Seeley Harris, mwanamke wa Uingereza, alifika Kongo mwaka 1898 pamoja na bwana yake John, kwa kazi ya misioni ya Kiprotestanti iliyoitwa Congo Balolo Mission. Hakuwa fotografu wa kazi, alikuwa mmisionari. Wakati ule nchi ilikuwa mali ya mfalme Léopold II, na watu walilazimishwa kuleta mpira wa msituni. Tarehe 14 Mei 1904, kule Baringa, ambako leo ni provinsi ya Tshuapa, alifika baba mmoja aliyeitwa Nsala, wa Wala. Alibeba mkono na mguu wa binti yake Boali, ambaye walinzi wa kompani ya mpira walimwua. Bibi Harris alimpiga foto ameketi katika baraza, anaviangalia.

Foto ile na zingine zilionyeshwa kwa taa na vioo katika makanisa na vyumba vya mikutano Uingereza na Marekani. Mwandishi Mark Twain, katika kitabu chake kidogo cha mwaka 1905, alimfanya mfalme ailalamikie aparei kwa sababu haikubali rushwa. Mwaka 1908 Léopold alilazimika kuiacha Kongo mikononi mwa serikali ya Ubelgiji. Taabu haikuisha, na foto peke yake haikufanya kazi yote. Kulikuwa na barua, na wanakijiji waliothubutu kusema. Lakini mufikiri: kama foto ile ingefika bila jina la baba, bila jina la mtoto, bila pahali na bila tarehe, watu wa mfalme wangesema ni uwongo, ao ni ya inchi nyingine.

Leo simu zinaleta foto za maiti na nyumba zinazochomwa, na chini yake mtu ameandika: jana, kijiji fulani, kabila fulani wamefanya hivi. Nani aliipiga? Siku gani? Volkano ya Nyiragongo ilipasuka tarehe 17 Januari 2002, na tena tarehe 22 Mei 2021. Foto ya moto na moshi bila tarehe, utasema ni ya mwaka gani? Kama moto wa mlima unaweza kutuchanganya, foto ya vita itatuchanganya zaidi, na hapo ni damu ya watu. Amri ya tisa inatukataza kushuhudia uwongo juu ya jirani. Kumtumia mwenzako foto usiyojua imetoka wapi, nako ni kushuhudia.

Kwa hiyo tumejiwekea sheria. Nyuma ya kila foto tunaandika pahali, tarehe, na jina la mpigaji. Hatumpigi mgonjwa, mtu mwenye kilio, wala mtoto wa wenyewe bila ruhusa. Kwa mtoto tunawauliza wazazi. Mtu akikataa, tunashusha aparei na kumshukuru. Askari, barière na uwanja wa ndege hatuvipigi kabisa. Na tukimwahidi mama wa sokoni kumletea foto yake, tunaileta, kwa maana ahadi hiyo inavunjwa sana na watu wanachoka na wapiga foto.

Anayetaka kujiunga aje siku ya posho, saa nane, chumba cha mwaka wa nne. Si lazima uwe na simu ao aparei. Leta foto moja ya zamani kutoka nyumbani, na mbele ya kuja uwaulize wazee: huyu ni nani, ni wapi, ilikuwa mwaka gani? Uandike majibu nyuma kwa kalamu ya risasi. Wazee wakiisha kuondoka, hakuna aparei itakayokupatia majina yale.