Mkate Uliolala Usitupwe

Juzi hapa Mbagala nilimkuta jirani yangu akitaka kuwatupia kuku nusu ya mkate. "Umelala huu, kaka, watoto hawautaki," aliniambia. Nikamwomba anipe nafasi nimwonyeshe jambo.

Wafaransa hukiita chakula hiki "mkate uliopotea". Sisi tunasema mkate wa mayai. Mkate uliolala ndio unaofaa hasa, kwa kuwa umekauka, hivyo hunyonya maziwa bila kumeguka. Lakini wenye ukungu utupe wote. Kukwangua hakusaidii, kwani ukungu huwa umekwisha kupenya ndani.

Tulianza na matunda. Barabara ya Kilwa hutuletea mananasi kutoka Mkuranga na maembe ya Rufiji. Katakata nusu nanasi, tia sufuriani pamoja na vijiko 2 vya sukari, kijiti cha mdalasini, iliki 2 zilizopondwa na karafuu 1. Chemsha mpaka rojo liwe zito.

Kisha piga mayai 2 na nusu kikombe cha maziwa na chumvi kidogo. Chovya vipande 6 pande zote mbili, ukaange kwa mafuta kidogo. Punguza mkaa, maana moto mkali huunguza nje na kuacha yai bichi ndani. Pakua, mwagia matunda juu.

Watoto wale wale waligombea kipande cha mwisho. Kuku walikula pumba.

Hadi juma lijalo, kwaheri.