Springi mpya, sahihi ya nani?

Kwa macho ya mwenye gari, kunyanyua sasipensheni ni kazi ya siku moja gerejini. Springi za zamani zinatoka, ndefu zinaingia, shokomzoba zinabadilishwa, na jioni gari linaondoka likiwa limesimama juu zaidi. Kwa macho ya sheria ya Australia, gari lililotoka pale si lile lililoingia. Mtengenezaji alilithibitisha likiwa na kimo fulani, na breki na usukani vilipimwa kwa kimo hicho. Ukikibadilisha, yeye hawajibiki tena kwa ulichofanya, na swali linalobaki ni nani atakayetia sahihi mahali pake.

Naichukua Australia kwa makusudi. Ni nchi ya Land Cruiser na Hilux zinazoingia jangwani wiki nzima bila kukutana na gereji, na springi za kule, hasa Old Man Emu za kampuni ya ARB, zimezoeleka kwenye magari ya utalii ya Arusha na Nairobi. Bidhaa imevuka bahari. Kanuni zake hazikupanda meli.

Kanuni hizo zina ngazi mbili. Gari jipya hutawaliwa na serikali ya shirikisho, kwa viwango vya usanifu vinavyoitwa kwa kifupi ADR. Likishasajiliwa na kuingia barabarani, mamlaka huhamia kwa majimbo, ambayo huongozwa na kitabu kimoja cha kitaifa cha ubadilishaji wa magari madogo, VSB 14. Kitabu hicho peke yake si sheria. Jimbo ndilo linalokipa nguvu, na kila jimbo hukipokea kwa namna yake, ndiyo maana kinachoruhusiwa upande huu wa mpaka kinaweza kukuletea matatizo upande wa pili.

Katika New South Wales, Victoria na Queensland, gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne linaweza kunyanyuliwa hadi milimita 75 bila cheti cha mhandisi, lakini kwa mgawanyo maalumu: 50 kutoka kwenye sasipensheni na 25 kutoka kwenye tairi. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Tairi lenye kipenyo kilichoongezeka kwa milimita 50 hunyanyua gari 25 tu, kwa sababu nusu ya ongezeko iko juu ya ekseli na haisukumi chochote. Na zile 25 za tairi hazihamishiki. Aliyebaki na tairi za asili hawezi kuzidai kwenye springi akafunga za milimita 75 akasema jumla ni ileile.

Hata ndani ya mpaka huo kuna masharti. Angalau theluthi mbili za mwendo wa asili wa sasipensheni, kupanda na kushuka, lazima zibaki. Spesa nene iliyowekwa juu ya springi inaweza kutimiza milimita na kuvunja sharti hili, kwa kuwa shokomzoba ileile sasa inaanza safari yake karibu na mwisho wa urefu wake. Gurudumu likiingia kwenye shimo halina pa kushukia.

Kwa nini mpaka uwekwe pale? Chukua gari lenye upana wa milimita 1,500 kati ya tairi la kushoto na la kulia, na kitovu cha uzito kilicho milimita 750 kutoka ardhini. Gawa upana kwa kimo mara mbili, unapata 1.0. Kipimo hiki hutumiwa na wakala wa usalama barabarani wa Marekani katika kukadiria hatari ya gari kupinduka: magari madogo ya kawaida huwa kati ya 1.3 na 1.5, marefu ya aina ya pikapu na SUV kati ya 1.0 na 1.3. Pandisha kitovu kile milimita 40 na jibu linashuka hadi 0.95. Asilimia tano inaonekana ndogo, ila imetolewa kwa gari ambalo tangu mwanzo halikuwa na akiba kubwa. Juu ya hapo ongeza hema la paa na madumu mawili ya maji.

Kupinduka kunaeleweka haraka, kwa hiyo kunaogopwa. Mimi ninaogopa zaidi mambo yasiyoonekana. Kwenye gari lenye ekseli nzima mbele, kama Land Cruiser za mfululizo wa 70, springi ndefu huzungusha ekseli kidogo, na pembe inayofanya usukani urudi wenyewe baada ya kona hupungua. Dereva husema gari "linatangatanga", analaumu tairi, analipia alaimenti mara mbili, na dawa ilikuwa bushi za kurekebisha pembe.

Kisha kuna vali ya breki inayopima mzigo, ambayo pikapu nyingi za zamani zinayo nyuma. Imefungwa kwenye chesisi na kuunganishwa na ekseli kwa fito. Ukipakia, bodi hushuka, nafasi kati ya chesisi na ekseli hupungua, na vali hupeleka nguvu zaidi kwenye breki za nyuma. Nyanyua gari bila kuigusa vali hiyo, na nafasi huongezeka. Vali huamini kwamba gari ni tupu hata ukiwa umebeba saruji, na breki za nyuma hupewa nguvu ndogo kuliko zinavyohitaji. Mlango wa gereji ukifungwa hakuna taa ya dashibodi itakayokwambia hivyo. Kwa magari mapya tatizo limehamia kwenye kompyuta: mfumo wa kuzuia gari kuteleza ulifundishwa mwenendo wa gari lenye kimo cha kiwandani.

Ndiyo sababu juu ya mpaka ule anaingia mhandisi. VSB 14 inaruhusu kwenda hadi milimita 150, lakini gari linyanyuliwalo kiasi hicho hutakiwa kuthibitishwa, na jaribio linalohusika ni lile la kubadili njia ghafla na kurudi: kona ya kushoto, kona ya kulia, bila kupoteza udhibiti. Ni jamaa ya jaribio lililoipindua Mercedes-Benz ya A-Class nchini Sweden mwaka 1997, gari jipya kabisa lisilonyanyuliwa na mtu, na kampuni ikalazimika kufunga mfumo wa kuzuia kuteleza kwenye magari yote ya aina hiyo.

Anayetia sahihi ana jina tofauti kila jimbo, lakini kazi ni moja: mtu aliyeidhinishwa na serikali analikagua gari hilo moja na kulitolea hati, na Queensland hulipatia pia gari kibati kinachopigiliwa kwenye bodi. Western Australia humtaka mwenye gari aombe kibali kabla hajafungua hata nati. Hili la "gari hilo moja" ndilo ninaloona halieleweki. Karatasi nzuri iliyokuja na boksi la springi huthibitisha springi. Haijui umefunga tairi gani, bampa ya chuma ya kilo ngapi, wala kama mpira wa breki bado unafika gurudumu likining'inia. Cheti cha mhandisi ni cha mchanganyiko. Ukibadilisha tairi mwezi ujao, cheti kinaelezea gari ambalo halipo tena, na kampuni ya bima inaweza kuligundua hilo siku mbaya kuliko zote.

Uzito ni suala jingine kabisa, na wauzaji hufurahi likichanganywa. Springi ngumu zaidi haziongezi uzito unaoruhusiwa kisheria hata kwa kilo moja. Kikomo cha uzito kinapanda kwa idhini yake yenyewe, ama kabla ya gari kusajiliwa mara ya kwanza, chini ya sheria ya shirikisho, ama baadaye kwa mhandisi wa jimbo. Springi hizo pia zina mtego wao: zilizotengenezwa kwa gari lenye mzigo wa kudumu wa kilo 300, ukizifunga kwenye gari tupu, husimama juu ya kile kilichoandikwa kwenye boksi. Askari atakayekusimamisha hatakusubiri upakie.

Kipimo chenyewe fundi yeyote anaweza kukichukua kwa futikamba: kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, magurudumu yote manne, gari likiwa kwenye sakafu iliyonyooka. Tairi haimo kwenye hesabu hiyo. Kazi ya kufanya kabla springi za zamani hazijatoka ni kuandika namba hizo nne na kupiga picha kila moja, kwa kuwa swali la kwanza la mhandisi litakuwa gari lilisimama wapi mwanzoni, na gari lililokwisha kunyanyuliwa haliwezi kumjibu.