Plagi janja na vihisi: kabla ya kununua, uliza umeme ukikatika itakuwaje

Plagi janja, swichi janja na vihisi vimeshafika kwenye maduka ya vifaa vya umeme ya miji midogo. Plagi janja unaichomeka kwenye soketi ya ukutani, kisha taa au pampu unaichomeka juu yake, halafu unaiwasha na kuizima kwa simu hata ukiwa shambani. Swichi janja hukaa ukutani mahali pa swichi ya kawaida. Kihisi ni kifaa kidogo kinachopima kitu, kwa mfano joto, au kinachotambua mlango umefunguliwa, kisha kikakutumia taarifa kwenye simu.

Muuzaji atakuonyesha vifaa hivi dukani, umeme upo na intaneti ipo, na kila kitu kitakwenda vizuri. Lakini swali la kumuuliza ni lile ambalo hatakuonyesha mwenyewe: umeme ukikatika, au bando likiisha, kifaa hiki kitafanya nini?

Chukua mfano wa mfugaji wa kuku mwenye mashine ya kutotolesha. Mayai hukaa humo siku 21, kwenye joto la nyuzi 37.5 hivi. Yai huvumilia kupoa kwa muda mfupi, ila umeme ukikatika saa nne usiku na mwenye mashine akagundua alfajiri, anaweza kupoteza trei nzima. Basi ananunua kihisi cha joto cha Wi-Fi ili kimwamshe. Usiku umeme unakatika, na ruta inazimika hapo hapo. Kihisi kina betri yake, kinaona joto likishuka, lakini njia ya kupeleka taarifa haipo tena. Simu iko kimya, na mfugaji analala akidhani mambo ni shwari. Bila kihisi, pengine angeamka mara moja usiku kwenda kuangalia.

Kwa kazi kama hiyo, kifaa chenye laini yake ya simu na betri ya ndani kinafaa zaidi. Umeme ukikatika, chenyewe hukupigia au hukutumia ujumbe mfupi, na simu ya tochi inatosha kuupokea. Laini hiyo isajiliwe kwa jina lako, na iwe na salio, kwa sababu laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na kampuni ya simu. Badilisha pia namba ya siri iliyotoka nayo kiwandani. Namba hizo mara nyingi ni nyepesi kama 1234, na anayeijua pamoja na namba ya laini anaweza kukizima kifaa chako. Uliza vilevile kama kinatumia mtandao wa 2G peke yake. Kwetu mtandao huo bado upo, lakini Australia na Marekani kampuni kubwa za simu zilianza kuuzima tangu mwaka 2016 na 2017, na vifaa vya namna hiyo vikabaki bila kazi.

Ukiwa tayari una kihisi cha Wi-Fi, ruta yako iwe na betri ya akiba. Kisha, kabla ya kuweka hata yai moja, zima swichi kuu ya nyumba na uhesabu dakika mpaka simu ilie. Isipolia, umeshapata jibu bila hasara. Na usitegemee Wi-Fi ya simu yako mwenyewe, maana ukiondoka nyumbani nayo inaondoka.

Umeme unaporudi kuna jambo jingine. Plagi nyingine hurudi zikiwa zimezimwa, nyingine zikiwa zimewashwa, na nyingine hukumbuka zilivyokuwa. Kwa friji au mashine ya kutotolesha, plagi inayorudi ikiwa imezimwa ni hatari kuliko kutokuwa na plagi janja kabisa. Kwa pasi au jiko la umeme ni kinyume chake: hutaki viwake vyenyewe wakati hakuna mtu nyumbani. Plagi nzuri hukuruhusu kuchagua. Mwambie muuzaji achomeke taa, aiwashe, aichomoe plagi ukutani na kuirudisha, nawe utazame. Angalia pia kama ina kitufe cha kuwashia kwa mkono. Isiyo nacho usinunue.

Kuhusu uwezo wa kubeba umeme, soma namba za ampea zilizoandikwa kwenye plagi. Umeme wetu ni wa volti 230, hivyo plagi ya ampea 10 hubeba wati 2,300, na ya ampea 13 kama wati 3,000. Taa, redio na televisheni hazina shida. Pampu ya maji ndiyo inayodanganya watu. Pampu ya nguvu ya farasi 1 huvuta ampea 5 hivi ikishazunguka, lakini inapoanza huweza kuvuta mara tano hadi saba zaidi kwa muda mfupi sana. Kila inapoanza, cheche huunguza vipande vya chuma ndani ya plagi, mpaka siku moja vinagandana. Hapo simu inasema pampu imezimwa, kumbe pampu inaendelea, kisima kikikauka inajiunguza. Kwa pampu mwite fundi umeme akufungie kontakta, yaani swichi nzito inayobeba mzigo, na plagi janja iwe inaamrisha kontakta tu.

Fundi huyo huyo aangalie boksi la swichi kabla hujanunua swichi janja. Nyingi zinahitaji waya wa nyutro, na katika nyumba nyingi waya huo haukufikishwa kwenye swichi.

Wenye sola ya volti 12 wajue kwamba plagi hizi haziwezi kuchomekwa moja kwa moja huko. Lazima pawe na inveta. Hata hivyo ruta inayowaka usiku kucha inaweza kumaliza betri ndogo kabla ya asubuhi. Na ndugu aliye Marekani akikutumia plagi, soma volti zake kwanza. Kule umeme ni wa volti 120, na plagi isiyoandikwa kwamba inakubali 230 itaungua hapa.

Jambo la mwisho la kuuliza ni nani anaiendesha. Vifaa vingi hupeleka amri yako kwanza kwenye kompyuta za kampuni iliyovitengeneza, mara nyingi ng'ambo, ndipo irudi nyumbani kwako. Aprili 2022 kampuni ya Marekani ya Insteon ilizima kompyuta zake bila kuwatangazia wateja, na wengi wakashindwa kutumia simu zao kuendesha vifaa walivyokwisha kulipia. Miezi miwili baadaye baadhi ya wateja waliinunua kampuni yenyewe ili kuifufua. Dukani, mwombe muuzaji azime data ya simu na intaneti ya ruta, aiache Wi-Fi peke yake, kisha ajaribu kuwasha taa. Ikiwaka, plagi hiyo itaendelea kukutii nyumbani hata bando likiisha.