Nusu ya Dawa Huwapa Vijidudu Nguvu

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo haimhusu mgonjwa mmoja tu. Yayahusu pia mataifa.

Huko Nateete, mtaa wa Kampala ulio kando ya barabara iendayo Masaka, kama ilivyo katika mitaa mingi ya miji yetu, mzazi ambaye mtoto wake ana homa huweza kununua vidonge vichache kwa kadiri ya fedha alizo nazo, bila cheti cha daktari wala kupimwa. Homa ikishuka, vidonge vilivyobaki huwekwa kabatini kumngojea mgonjwa mwingine. Jambo hilo huonekana kuwa ni kubana matumizi, kumbe ni hasara.

Antibiotiki ni dawa za kuua bakteria. Zikitumiwa ovyo, bakteria wanaoweza kuzihimili husalia na kuzaana, hata dawa ile ile isiwadhuru tena. Hali hiyo huitwa usugu. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alitoa onyo hilo alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1945. Inakadiriwa kwamba mwaka 2019 usugu wa bakteria ulisababisha moja kwa moja vifo vya watu milioni 1.27 duniani.

Usugu hauonekani kwa macho, hujulikana maabara. Damu au mkojo wa mgonjwa huoteshwa, kisha bakteria hujaribiwa kwa dawa mbalimbali. Nchi za Ulaya zilianza mwaka 1998 kukusanya matokeo hayo pamoja, na tangu mwaka 2010 kazi hiyo huongozwa na kituo cha magonjwa kilichoko Stockholm. Hivyo, kila nchi huona dawa ipi inapoteza nguvu, na wapi. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango kama huo kwa dunia nzima mwaka 2015, na Uganda imo. Mwaka 2018 Uganda ilizindua mpango wake wa taifa wa kupambana na usugu.

Faida yake si ya wataalamu peke yao. Mwaka 2015 homa ya matumbo iliikumba Kampala kwa sababu ya maji na vinywaji vichafu, na zaidi ya watu 10,000 walishukiwa kuugua. Katika msukosuko wa namna hiyo, tabibu asiyejua dawa ipi bado inafaa hupoteza siku, na siku moja yaweza kuwa uhai wa mtu.

Askari na jamaa zao wana sababu zaidi ya kuzingatia hayo. Katika kambi na nyumba za polisi, watu huishi karibu karibu, na maradhi ya mmoja hufika upesi kwa jirani.

Basi, akina mama na akina baba, tushike haya: tusinunue antibiotiki bila agizo la tabibu; tuzitumie kwa kipimo na kwa siku alizoagiza; tusigawiane vidonge; tusidai dawa hizo kwa mafua, kwani mafua huletwa na virusi, nazo haziviui. Tunawe mikono, tuchemshe maji ya kunywa, na watoto wapate chanjo zao zote. Asiyeugua hahitaji dawa, na dawa isiyotumiwa ovyo itakuwa na nguvu siku tutakapoihitaji kweli.