Chuo, Mwanachuo na Taaluma ya Dini

Kwa wenyeji wa Tanga, Pangani na mwambao wa kaskazini, neno chuo ni la zamani. Maana yake ya awali ni kitabu. Baadaye likatumika pia kwa mahali wasomeshwapo watoto Kurani, ambapo siku hizi wengi hupaita madrasa. Kutokana nalo twapata mwanachuoni, yaani mjuzi wa elimu ya dini. Neno hilohilo lilipotwaliwa kwa ualimu, ufundi na elimu ya juu, tukapata mwanachuo, naye ni mwanafunzi tu.

Basi mzee wa Pangani akiambiwa kuwa mjukuu wake "anasoma dini chuoni", ataelewa kwamba anafundishwa Kurani na ibada. Kumbe kijana huyo analinganisha Uislamu, Ukristo, Uhindu, Ubudha na dini za jadi. Nasi tukimwambia mzee kwamba kijana "anasomea dini za watu", atahofu kuwa ameritadi.

Kwa sababu hiyo twapendekeza kutenganisha dhana mbili. Mafunzo ya dini yawe ni yale yamleayo muumini katika imani yake. Taaluma ya dini iwe ni uchunguzi wa dini mbalimbali, historia zake na desturi zake, bila kumtaka mwanafunzi aziamini. Neno taaluma lina asili moja na elimu na mwalimu. Kwa hiyo halitakuwa geni masikioni mwa mzee wetu, wala halitamtia hofu juu ya mjukuu wake.